Ajenti wangu anachanganya zana kila siku, tatizo ni modeli au ni mimi?

Mpigadebe_Kibaigwa:

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada maana hii ni wiki ya pili nimekwama na mjomba ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Iko hivi. Mjomba ana ghala la nafaka hapa Kibaigwa, ananunua kwa wakulima anauza kwa wanaokuja na malori. Simu yake haipumziki, kuanzia alfajiri ni meseji za WhatsApp tu, "mahindi bei gani leo", "alizeti ipo", "niwekee gunia 20 nakuja kesho". Nikaona nimtengenezee msaidizi wa AI, ndo huyo ajenti, awe anajibu zile za kila siku, yakiwa magumu anampigia mjomba. Chuo nimemaliza mwaka jana hapo Dodoma, kodi za kompyuta (code) nazijua vizuri tu, zana zote, yaani zile programu ndogo ambazo ajenti anaziita kuangalia bei au kuweka oda, nimeandika mwenyewe na nimezipima moja moja, ukiziita kwa mkono hazikosei hata kidogo.

Kabla hamjaniuliza, nasema "ajenti" kwa makusudi. Ukisema "wakala" kwetu huku mtu anakuuliza kama una floti.

Sasa shida. Mteja akiuliza bei anapewa bei ya kununulia, yaani ile mjomba anayowalipa wakulima. Jamaa mmoja wa Dar kaona bei imeshuka namna ile kafunga safari na lori, kufika hapa anaambiwa siyo hiyo, kelele zake zimesikika soko zima. Siku nyingine mteja kaandika "niwekee debe sita" ikaingia gunia sita. Halafu juzi ndo balaa lenyewe, mtu kasema lori litafika saa mbili asubuhi, oda ikaandikwa 02:00, na mfumo unatuma SMS kwa vibarua saa moja kabla, kwa hiyo watu wameamshwa saa saba usiku waje wapakie. Wawili wamekuja kweli.

Modeli, yaani ile AI yenyewe inayosoma meseji na kuamua, nimebadilisha mara tatu, saivi natumia ile ya gharama, afadhali kidogo ila bado. Kwenye maelekezo ya mwanzo nimeandika kwa herufi kubwa USIKOSEE BEI, wapi. Nimefikia kuwaza niifundishe modeli yangu mwenyewe. Mnanishauri nini? Natanguliza shukrani.

Mgeni_wa_SGR:

Ngoja wajuzi waje, mimi nimeshachukua siti ya dirishani. Ila hao vibarua wawili waliokuja saa saba usiku waongezewe posho aisee, hao ndo wafanyakazi.

FundiBomba41:

Mkuu kabla hujaenda kufundisha modeli, weka hapa maelezo ya zana zako. Kodi siitaki. Nataka yale maneno tu uliyoandika chini ya jina la kila zana, pamoja na vipengele vyake, yaani nafasi ambazo modeli inajaza ikiiita zana.

Mpigadebe_Kibaigwa:

Haya mkuu, yako hivi kama yalivyo:

pata_bei: "Inapata bei."
pata_bei2: "Inapata bei ya zao."
stoo: "Kuangalia stoo."
weka_oda: "Huhifadhi oda kwenye databesi, jedwali la oda_mpya." Vipengele: zao (maandishi), idadi (namba), muda (maandishi), simu (namba).
tuma: "Hutuma."

Hiyo pata_bei ni ya kununulia, pata_bei2 ni ya kuuzia. Ya pili niliiongeza baadaye ndo maana ina 2.

FundiBomba41:

Daah. Mkuu modeli iache, imejitahidi sana hapo.

Ngoja nikueleze kitu ambacho mimi mwenyewe kilinichukua muda kukielewa. Wewe unajua pata_bei2 ni ya kuuzia kwa sababu kodi uliiandika wewe na siku uliyoiandika unaikumbuka. Modeli haioni kodi yako. Haioni databesi, haimjui mjomba, haijawahi kukanyaga Kibaigwa. Kwenye kila ombi pamoja na mazungumzo inapelekewa jina la zana, maelezo yake, na ile skima ya JSON ya vipengele (mpangilio unaosema kila kipengele kinaitwaje na ni cha aina gani), basi, halafu inatakiwa iamue. Tangu OpenAI, wale wa ChatGPT, walete mambo ya kuita fankishi (modeli kuita zana) katikati ya 2023 mpaka leo watu wanachomeka seva za MCP, ule utaratibu wa kuunganisha AI na zana za nje ambao Anthropic, wale wa Claude, waliutoa Novemba 2024, mabomba yamebadilika lakini hapo hapajabadilika. Kwa hiyo ukiandika "Inapata bei" na nyingine "Inapata bei ya zao" umemwekea milango miwili inayofanana na hukuandika chochote juu, atafungua wowote.

Kuna kipimo natumia, na OpenAI nao kwenye nyaraka zao wana kinachofanana na hiki. Chukua mwanafunzi wa fildi, wale wanaokuja ofisini wiki nane, siku yake ya kwanza. Mpe karatasi yenye maelezo ya zana peke yake, umnyang'anye simu, usimjibu swali. Akishindwa kujua lini atumie ipi, na modeli itashindwa. Tena mwanafunzi wa fildi ana nafuu, yeye anajua saa mbili asubuhi ni saa ngapi.

Mimi ningeanza na majina. pata_bei2 ife leo. Moja iite bei_ya_kuuzia, nyingine bei_ya_kununulia, "tuma" iwe tuma_sms_kwa_vibarua kama kazi yake ndo hiyo. Kisha maelezo, kwa mfano ya kwanza ningeandika hivi:

"Inarudisha bei ya leo ambayo mteja analipa kununua nafaka kutoka kwenye ghala letu, kwa shilingi, kwa gunia la kilo 100. Itumie mtu anapotaka kununua kwetu, mfano 'mahindi bei gani' au 'alizeti mnauzaje'. Usiitumie kwa mkulima anayetaka kutuletea mzigo, huyo ana zana ya bei_ya_kununulia. Kama haijaeleweka mtu anauza au ananunua, muulize kwanza. Bei haina usafiri wala upakiaji ndani yake. Kama zao halina bei leo zana inarudisha 'hakuna bei', usikadirie na usitumie bei ya jana."

Angalia kilichomo humo. Inafanya nini, inarudisha nini na kwa kipimo gani, lini itumike, lini isitumike na badala yake iende wapi, na ikikosa jibu ifanyeje. Hapo kwenye "lini isitumike" ndo watu wengi wanaruka na ndo penye dawa ya tatizo lako, maana zana zako mbili ni mapacha na pacha lazima umwambie mtu tofauti yake na mwenzie. Nyaraka za Anthropic zenyewe zinashauri angalau sentensi tatu nne kwa zana moja, wewe una zana ya neno moja.

Na lile "jedwali la oda_mpya" toa kabisa. Modeli haina haja ya kujua jedwali linaitwaje, ni kama kumwambia mteja jina la aliyeshona gunia.

Mpigadebe_Kibaigwa:

Aisee nimeona aibu. "Hutuma." Nimeisoma tena nimecheka mwenyewe.

Sasa kwenye debe na gunia nifanyeje? Kipengele cha idadi ni namba tu.

FundiBomba41:

Namba ya nini? Ndo swali lenyewe hilo mkuu. Mteja akisema sita modeli inaandika 6, wewe kwenye kodi ushaamua ni gunia. Wote wawili hamjakosea, ila mzigo umekosea.

Igawe viwili. kiasi (namba) na kipimo (orodha ya kuchagua, ile enum: kilo, debe, gunia, tani). Kipimo kiwe cha lazima ili asiweze kuweka oda bila kukitaja. Halafu kwenye maelezo ya kipimo andika "chagua kipimo alichotaja mteja mwenyewe, usibadilishe debe kuwa gunia wala kilo, mfumo utabadilisha". Hesabu ya debe sita kwa gunia iache kwenye kodi yako, usimpe modeli kazi ya hesabu ambayo kompyuta inafanya bure.

Na lumbesa je, lile gunia la kujazwa kupita kipimo? Kwenye meseji za wateja halisi lazima lipo hilo neno. Sheria inakataza, gunia lisizidi kilo 100, lakini watu wataliandika tu. Sema wazi kwenye maelezo: "mteja akitaja lumbesa mwambie tunauza gunia la kilo 100 tu, usiweke oda mpaka akubali". Usipolisema atajiamulia, anaweza akaona ni aina ya zao.

Mama_wa_Ipagala:

Jamani naomba nichangie kwenye saa maana mimi hilo limenitesa hadi nikataka kuacha. Nimetengeneza kamfumo ka miadi kwa ajili ya saluni ya dada yangu, hapa Dodoma mjini, kitu kidogo tu. Wiki ya kwanza wateja walikuwa wanakuja wanakuta hawamo kwenye orodha, kumbe wamo, wamewekwa usiku wa manane.

Modeli imesoma dunia nzima, na kwa dunia nzima "saa mbili" ni two o'clock yao. Inajua pia kwamba Waswahili tunahesabu tofauti, ukiiuliza inakueleza vizuri kabisa kama mwalimu, lakini ikiwa katikati ya kazi inasahau, hasa mteja asiposema asubuhi au jioni. Kwa hiyo usitegemee inajua, iandike pale pale kwenye kipengele. Yangu inasomeka hivi:

"Saa ya miadi kwa mfumo wa masaa 24, mfano 08:00. Wateja wanataja saa za Kiswahili: saa moja asubuhi ni 07:00, saa sita mchana ni 12:00, saa kumi jioni ni 16:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Mteja akiandika 'saa 2:00 asubuhi' ni 08:00. Akiandika '8am' ni 08:00 hivyo hivyo. Akitaja saa bila kusema ni wakati gani wa siku, muulize."

Mifano mitano hiyo imefanya kazi kuliko maelezo ya kurasa mbili niliyokuwa nimeandika kabla, kuhusu jua kuchomoza na nini na nini.

Kitu cha pili nikaongeza kipengele kingine kinaitwa alivyosema_mteja, humo inanakili maneno yenyewe ya mteja kuhusu muda, herufi kwa herufi. Kazi yake ni kwamba dada akiangalia orodha anaona 08:00 na pembeni "saa mbili asb kesho kutwa", ikipishana anaiona hapo hapo. Na nikiwa natafuta kosa limetokea wapi sihangaiki kufukua mazungumzo.

Halafu tarehe. Modeli haijui leo ni tarehe ngapi usipoiambia. Nilikuwa sijui! Mteja anasema "kesho" inapiga hesabu kutoka hewani. Weka tarehe na siku ya leo kwenye maelekezo kila mazungumzo yanapoanza. Na jihadhari na "usiku wa kuamkia Ijumaa", kwetu sisi hiyo ni Alhamisi usiku, yenyewe iliniwekea Ijumaa usiku. Bibi harusi huyo alikuwa, sitaki kukumbuka.

Mtumba_Ofisini:

Mnazunguka mbuyu wakuu. Andikeni maelezo kwa Kiingereza tatizo linaisha. Modeli hizi zimelishwa Kiingereza, Kiswahili ni makombo. Isitoshe Kiswahili kinakatwa vipande vingi zaidi, sentensi ile ile inakula tokeni (hivyo vipande ambavyo modeli inasoma na unavyolipia) nyingi kuliko ya Kiingereza, na maelezo ya zana yanatumwa KILA ombi. Mnalipia hiyo. Mimi zangu zote Kiingereza, wateja wanaongea Kiswahili, hamna shida.

Zabibu_Kavu:

Kwenye tokeni uko sahihi Mtumba, sibishi. Kwenye "tatizo linaisha" hapana.

Nina mfano wa shambani kabisa. Mwaka jana nilisaidia kikundi kimoja cha wakulima kwenye mfumo wa kurekodi mavuno, tukaandika yote Kiingereza kama unavyosema. Orodha ya mazao ilikuwa na "millet". Sasa wewe ni mtu wa huku, niambie, mkulima akiandika "nimevuna uwele gunia nne" inaingia wapi? Millet. Mwingine akiandika "ulezi gunia mbili"? Millet. Uwele na ulezi vimekaa kapu moja mwezi mzima na hakuna aliyegundua mpaka mama mmoja akauliza mbona ulezi wake umekuwa mwingi hivyo wakati yeye kalima kidogo wa uji tu. Kiingereza kinaweza kutofautisha, unasema pearl na finger, lakini aliyeandika orodha hakusema, na modeli haikuwa na jinsi ya kujua kwamba kwetu hivi ni vitu viwili. Mtama wenyewe mara mbili tatu ulidondokea humo humo.

Siku tulipobadilisha orodha ikawa uwele, ulezi, mtama, kwa majina yake, na maelezo ya mstari mmoja kwa kila moja, makosa hayo yalikata siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu: lugha ya maelezo chagua unayoiandika bila kubabaika. Kama Kiingereza chako ni cha kuunga unga utaandika maelezo ya kuunga unga. Lakini maneno ya wateja, yaani debe, lumbesa, uwele, "mzigo", "mchanganyiko", yabaki kama wanavyoyasema, na uyaeleze. Maana meseji itakayokuja itakuwa na maneno hayo, na modeli itakuwa inatafuta yanakofanana.

Mtumba_Ofisini:

Hapo kwenye orodha nimekuelewa. Ila maelezo marefu bado nabaki na Kiingereza changu, bili naisoma mimi.

Zabibu_Kavu:

Sawa mkuu bili ni yako 😄

Mpigadebe nirudi kwako, nimeona mambo mengine mawili matatu humo.

Simu umeiweka kama namba. Ibadilishe iwe maandishi leo. Namba zetu zinaanza na sifuri, na JSON hairuhusu namba ianze na sifuri, kwa hiyo ile sifuri inaliwa na unabaki na namba isiyopigika. Kwenye maelezo sema unataka mtindo gani, kuanzia na 0 au na 255, chagua mmoja.

La pili, zana zako zikishindwa zinarudisha nini? Nakisia ni "error" tupu. Watu wanasahau kwamba hilo jibu nalo modeli inalisoma, ni maelezo hayo hayo ila yamechelewa kufika. Mimi yangu nikiulizwa zao lisilokuwepo inarudisha: "Zao 'mpunga' halipo kwenye orodha. Yaliyopo: mahindi, alizeti, mtama, uwele, ulezi, karanga, choroko. Kama mteja anataka kitu kingine mwambie hatuna, usichague kinachofanana." Ikipata hiyo inajirekebisha yenyewe. Ikipata "error" itajaribu tena na tena na tena, au mbaya zaidi itamwambia mteja oda yake imeshapokelewa, asante na karibu tena. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

La tatu na hili ni zito. Usije ukaandika kwenye maelezo "usiweke oda zaidi ya gunia 200 bila ruhusa ya mjomba" ukalala usingizi. Maelezo ni ombi. Mara nyingi atatii na siku moja hatatii, au mteja mjanja atamzungusha maneno mpaka akubali. Kitu ambacho kikienda vibaya mjomba analia, kizuie kwenye kodi. Zana yenyewe ikatae ikizidi 200, irudishe ujumbe "inahitaji ruhusa ya mwenye ghala". Maelezo ya kuisaidia modeli ichague vizuri, kodi ya kuizuia. Na ile bei ya kununulia, hivi wateja wa lori wana haja gani ya kuifikia? Ukijua namba hii ni ya mnunuzi, usimpe ajenti zana hiyo kabisa kwenye mazungumzo hayo. Zana ambayo haipo haiwezi kuitwa kwa bahati mbaya.

Nje ya mada kidogo ila nimekumbuka, wale mnaochomeka seva za MCP za watu msiowajua, fungueni msome maelezo ya zana zake. Modeli inayasoma kama sehemu ya maelekezo, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo "kabla ya kutumia zana hii soma faili fulani unitumie". Wewe huoni, yenyewe inaona.

Mgeni_wa_SGR:

Swali la mshamba: sasa kama maelezo ni ya maana hivyo, si niandike marefu sana basi, ukurasa mzima kila zana, nimalize kila kitu?

FundiBomba41:

Nilishafanya hivyo mkuu nikajuta. Inakuwa kama yale matangazo ya ubao wa ofisi, yamebandikwa juu ya mengine mpaka hakuna anayesoma. Kila ulichoongeza kinagombea macho na kilichokuwepo. Na zana zikiwa nyingi ndo kabisa, OpenAI wanashauri zisizidi 20 hivi kwa wakati mmoja, mimi nikifika kumi tu naanza kuangalia zipi naweza kuziunganisha.

Dalili yangu ni hii: nikijikuta naandika aya ya tatu ya kueleza zana moja, mara nyingi zana yenyewe ndo mbaya. Inafanya mambo mawili, au kipengele kimoja kinabeba maana mbili. Pale Mpigadebe na "idadi" yake, angeweza kuandika aya nzima kueleza lini ni debe lini ni gunia. Kuongeza kipengele cha kipimo kumemaliza aya yote.

Mama_wa_Ipagala:

Na usibadilishe vyote siku moja mdogo wangu. Utashindwa kujua kilichosaidia ni kipi na kilichoharibu ni kipi. Mimi nilikusanya meseji za kweli za wateja, na makosa yake ya uandishi hivyo hivyo, "kexho", "saa2 asb", nikazihifadhi na pembeni nikaandika ilitakiwa iite zana gani na vipengele gani. Kila nikigusa maelezo nazipitisha zote. Inachosha lakini unaona.

Mpigadebe_Kibaigwa:

Wakuu nimerudi baada ya siku nne, samahani kwa kimya, umeme na mambo ya mjomba.

Nimefanya kama dada wa Ipagala alivyosema, nimekusanya meseji 40 kutoka simu ya mjomba, nimeanza kuzipitisha na maelezo yale ya zamani kwanza. Ilikosea 17. Nikabadilisha majina ya zana peke yake bila kugusa kingine, ikakosea 12. Yaani kufuta tu ile "2"! Nikaweka maelezo mapya ya bei, nikagawa kiasi na kipimo, nikaweka mifano ya saa. Jana usiku imekosea 4. Na nimerudi kwenye modeli ya bei rahisi, ile niliyoitukana mwanzo. Mtumba nimejaribu na ya Kiingereza pia kwa ajili yako, imekosea 5, kwa hiyo nimebaki na Kiswahili, tofauti ya bili siyo ya kunitoa jasho kwa meseji za ghala moja.

Zana ya bei_ya_kununulia nimeitoa kwa wanunuzi. Ya gunia 200 nimeifunga kwenye kodi, mjomba kasema iwe 150.

Kitu kilichonishangaza, nilipokuwa naandika maelezo ya weka_oda nilifika kwenye "oda inakaa muda gani kabla ya kufutwa" nikagundua sijui. Nikamuuliza mjomba, naye akasema inategemea ni nani. Nikamwambia mjomba, mashine haijui ni nani. Tumekaa nusu saa nje ya ghala mpaka tukakubaliana siku mbili, na wateja watatu ambao amewataja kwa majina siku tano. Biashara ana miaka na miaka na hilo halijawahi kuandikwa popote.

Nne zilizobaki, mbili ni za mtu anayeandika Kigogo katikati ya sentensi, hizo nitaangalia. Moja ni sauti, WhatsApp ya sauti imeingia kama meseji tupu, kosa langu. Ya nne ndo imenishinda, mteja kaandika "niwekee kama zile za juzi". Ajenti kaweka gunia 20 za mahindi, sijui katoa wapi.

Zabibu_Kavu:

Katoa kwenye maelezo yako mkuu. Umeweka mfano gani kwenye weka_oda?

Mpigadebe_Kibaigwa:

"Mfano: gunia 20 za mahindi."

Dah.

Zabibu_Kavu:

Ndo hivyo, mfano ukiwa mmoja na umekaa vizuri kama oda ya kweli, akikosa la kujaza anaunakili. Weka miwili inayotofautiana, na uandike "kiasi kisipotajwa muulize mteja, usijaze". Au mpe zana ya kusoma oda za nyuma za namba hiyo. Lakini hata ukimpa, "za juzi" inaweza kuwa juzi ya kweli au juzi ya mwezi uliopita, unawajua watu wetu. Mwache aulize.

Mama_wa_Ipagala:

Hongera sana mdogo wangu. Na vibarua?

Mpigadebe_Kibaigwa:

Vibarua wanalala dada. Ila wale wawili wa saa saba mjomba kawapandisha, saivi ndo wasimamizi wa upakiaji.

Sasa hivi kaniita anauliza kama hiyo kitu inaweza na kupokea simu. Nimezima data.